Mistari Tisini na Mmoja Niliyoifuta

Ujumbe uliingia saa tano asubuhi, nikiwa natoa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto ambaye mama yake alinibania bei kana kwamba ananunua mashine yenyewe. "Mwalimu Kalokola amefariki.  Mazishi Bukoba." Maneno matano. Nikayahesabu tena, yakabaki matano. Namba sikuijua, lakini kati ya nukta na neno lililofuata palikuwa na nafasi mbili badala ya moja, na hapo nikajua aliyetuma ni Wambura. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua kwamba nafasi mbili baada ya nukta zinaniwasha kama upupu, wala hakuna mwingine ambaye angezipiga makusudi kwenye tangazo la msiba. Tangu mwaka ule hakuwahi kunitumia hata salamu, na hii nayo haikuwa salamu.

Sikulia. Nilimrudishia mama chenji yake, nikakaa, nikajipima kama nina huzuni, nikakuta sina. Watu wanasema marehemu hasemwi vibaya. Sawa, lakini huyu aliponisema vibaya mimi nilikuwa hai na nasikia, kwa hiyo bado ananidai ukimya ambao sitamlipa. Nitaueleza mwaka ule mmoja tu. Wanaoandika kumbukumbu zao huanza na babu; babu yangu hakuwa na uhusiano wowote na kompyuta, basi tumwache apumzike. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nilikuwa nimeshauza mitumba Sirari mpaka nikajua kutukanwa kwa Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka, na nilikuwa napiga chapa kwa vidole kumi bila kuangalia chini. Hiyo ndiyo elimu niliyoingia nayo.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la pembejeo, Tarime mjini, na kati yetu na duka palikuwa na ukuta wa mbao ambao haukufika darini. Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda, ikavuka, ikakaa nasi kutwa. Mpaka leo nikiinusa nanyoosha mgongo na vidole vinatafuta kibodi. Maongezi nayo yalivuka. "Hii dawa inaua kupe au inamlewesha tu?" "Inaua, baba." "Ya mwezi uliopita mliniambia inaua. Kupe wangu wamenenepa, mmoja ananitambua." Sisi upande wetu hatukuruhusiwa kucheka. Tulikuwa na meza tatu, viti vinne ambavyo kimoja hakikukalika, kompyuta tatu, printa moja, betri ya gari ya kutuokoa umeme ukikatika, birika, na vikombe vitano. Kimoja kilikuwa cha Mwalimu, na hakuna aliyethubutu kukiosha, achilia mbali kukinywea.

Mwalimu Kalokola aliletwa na serikali kutoka Kagera akiwa kijana, kufundisha fizikia sekondari. Aliacha kazi kabla ya muda wake, akabaki mjini, na rula ya mbao ya ubaoni akabaki nayo. Aliigonga kwenye kioo cha kompyuta kama vile kioo ni mwanafunzi wa mwisho darasani. Siku niliyokwenda kuomba kazi hakuniuliza cheti. Alinipa karatasi iliyojaa Kiingereza kidogo na alama nyingi, akaniambia, "Tafuta uchafu. Usisome, tafuta uchafu." Mabano yasiyofungwa, mistari iliyoingia ndani zaidi ya wenzake, nafasi mbili mahali pa moja. Nikamrudishia, nikasema ni kumi na saba. "Ni kumi na tano," akasema. Nikahesabu tena mbele yake kwa kidole. Kumi na saba. Akaiangalia ile karatasi kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu zaidi, akasema, "Kesho saa mbili kamili." Alinipa kazi kwa hasira. Nilipaswa kujua kwamba mtu anayekuajiri kwa hasira hatakufukuza kwa upole.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja ya ng'ambo ilitengeneza mfumo endeshi wa mashine ndogondogo. Programu inayokaa ndani ya mashine hairuhusiwi kugusa diski au mtandao kwa mkono wake. Lazima iuombe mfumo, na kila ombi lina namna yake ya kubisha hodi. Fungua faili, ombi moja. Soma, ombi jingine. Funga, jingine. Kila ombi lilikuwa na ukurasa wake wa marejeo: jina la ombi, jinsi ya kuliandika, maelezo, jibu utakalorudishiwa, na mwishoni kabisa orodha ya makosa, yaani sababu zote ambazo mfumo unaweza kukufukuzia mlangoni. Mimi niliyeuza Sirari niliielewa sehemu hiyo bila kufundishwa. Kurasa zilikuwa mia tatu na kumi na nne, zimeandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, na kila mmoja alikuwa amepanga vitu kama alivyolelewa kwao. Sisi tulitakiwa kuzisafisha zifanane: majina ya maombi kwa herufi nzito, vitu anavyojaza mwandishi wa programu kwa herufi za mlazo, orodha za makosa kwa alfabeti, nafasi moja baada ya nukta. Mwalimu aliandika sheria moja kwa chokaa juu ya mlango, kwa ndani: MSIGUSE MAANA. Ilikuwa sheria nzuri sana kwa watu ambao hawajui maana iko wapi.

Wambura alikuwa anaijua, au alikuwa anaitafuta, na kwangu hilo lilitosha kumchukia. Alitoka upande wa Serengeti, Mnata, kabila la wawindaji, mwembamba, na alikuja kazini na kigoda chake mwenyewe kwa sababu viti vya Mwalimu, alisema, vimetengenezwa na mtu aliyegombana na makalio. Alisoma kila ukurasa kuanzia juu hadi chini, midomo ikicheza, kamusi pajani. Nikimaliza kurasa nane, yeye alikuwa amemaliza tatu. "Wewe unalipwa kusoma?" nilimwuliza. "Wewe unalipwa kufuta?" "Nalipwa kumaliza." "Ndiyo biashara yenu, Wakurya. Mkiona ng'ombe wawili wanaofanana, mmoja mnaanza kumswaga." "Na ninyi mkimwona ng'ombe mnauliza kama ni swala aliyenona." Mwalimu akagonga rula. "Kimya! Mmeletwa hapa kupanga maneno, si kupanga makabila." Yeye mwenyewe kabila lake lilipangwa kila siku saa saba kamili, alipofungua hotipoti ya ndizi na nyama alizopikiwa nyumbani, akala akiwa ametupa mgongo. Sisi tulisubiri sufuria za Mama Matinde, aliyetupikia chakula cha mchana: ugali wa muhogo na wimbi, dagaa, na mboga za kunde, na Ijumaa utumbo. Vipande vya nyama ndani ya ile hotipoti vilikuwa sita. Harufu yake iligawiwa bure.

Mwezi wa tatu kompyuta yangu iliungua. Umeme ulirudi na nguvu za deni, moshi ukatoka nyuma, na Mwalimu akaamua kwamba mimi na Wambura tutagawana ya Wambura: mimi asubuhi, yeye mchana. Anayekosa mashine anakaa na penseli, anakagua kurasa zilizochapwa. Jambo moja lazima lieleweke, kwa kuwa kila kitu kilining'inia hapo. Kila badiliko tulilolituma ng'ambo liliingia kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, na kumbukumbu hiyo haifutiki. Inaandika kilichobadilishwa, saa kilipobadilishwa, na jina. Jina linatoka kwenye mashine. Na mashine ilimjua mtu mmoja tu, Wambura. Ningeweza kubadilisha jina kila asubuhi kabla ya kuanza. Ilichukua kama dakika moja. Sikubadilisha, kwa sababu nililipwa kumaliza.

Asubuhi hizo nilipewa orodha za makosa peke yake, kurasa zote. Nizipange kwa alfabeti. Nikazipanga, na baada ya kuzipanga nikaona kitu ambacho mpangilio wa zamani ulikuwa unakificha: jina moja linajirudia. Kulikuwa na kosa linaloitwa EINVAL, maana yake kwa kifupi ni kwamba ulichonipa hakifai. Kwenye ukurasa mmoja lilitokea mara nne. Likifuatana hivyo, moja chini ya jingine, lilinipandisha damu. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimempigia chapa mtathmini mmoja upande wa Nyamongo orodha za watu wa kulipwa fidia ya ardhi. Huko watu wana neno lao, tegesha: ukisikia eneo litapimwa unasimamisha nyumba wiki hiyohiyo, mabati mawili na mlango usiofunguka, unasubiri kulipwa. Na kwenye karatasi kulikuwa na tegesha ya majina: mtu mmoja kaandikwa mara tatu, mara ya kwanza kwa mji wake, mara ya pili kwa mji wa nduguye, mara ya tatu kwa mji ambao ni kichuguu. Kazi yangu ilikuwa kuyanasa. Jina likitokea mara ya pili, kalamu inapita. Nilikuwa hodari mpaka nikatishiwa kupigwa na vikongwe wawili. Sasa niwaone hawa EINVAL wanne wamejipanga foleni moja bila aibu? Nilimwacha wa kwanza, nikawafuta watatu. Nikaendelea ukurasa hadi ukurasa, wiki mbili, na kila asubuhi nilijisikia kama nimeokoa fedha za serikali.

Wambura aliona. Alikuwa upande wa penseli, ameshika karatasi ya zamani na mpya, moja kila mkono, kama mtu anayepima dagaa. "Dada Ghati. Hapa palikuwa na sababu nne. Sasa iko moja." "Jina ni lilelile." "Jina ndiyo. Sababu si ileile. Soma." "Tumeambiwa tusisome." "Mtu anaweza kufukuzwa mlango mmoja kwa sababu nne, we mwanamke. Kalewa, kachelewa, hana viatu, hajulikani. Wote wanaambiwa toka. Hilo 'toka' moja unalitunza, sababu unatupa?" Nilimwelewa. Nataka hili liandikwe wazi, kwa sababu kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba sikumwelewa. Nilimwelewa nusu, kiasi cha kuogopa, na kwa kuwa ni yeye aliyesema nikamjibu, "Ukiwa mkubwa wa ofisi utaniamrisha. Kwa sasa shika penseli." Ukutani upande wa pili mtu alikuwa anagombania bei ya sindano za ng'ombe. Wambura akashika penseli. Angeweza kwenda kwa Mwalimu siku ile. Hakwenda, nadhani aliona si kazi yake kuchunga watu wazima.

Kurasa zikatumwa. Wiki ya tano barua ikaja kutoka kwa mkaguzi wa ng'ambo, na Mwalimu akaichapa kwenye karatasi, jambo alilolifanya kwa habari mbaya tu. Aliisoma akiwa amesimama, akitafsiri kwa sauti ya darasani. Mwandishi mmoja wa programu alikuwa amekataliwa na mfumo, akatazama ukurasa, akakuta sababu moja tu, na sababu hiyo haikuwa yake. Alipoteza siku nne akitafuta ile ya kweli, ambayo ukurasa wetu ulikuwa unaitaja mpaka mwezi uliopita. Mkaguzi alitaka mambo mawili: mistari irudi, na aelezwe nani aliiondoa na kwa nini. Asipoelezwa, fungu la pili la kurasa halitakuja. Fungu la pili lilikuwa ndiyo mishahara yetu ya nusu mwaka uliobaki. Hata Mama Matinde alikuwa akilitaja kwa jina.

Mwalimu akageuza kompyuta tuione sote. Mistari myekundu ya vitu vilivyofutwa ilishuka kama damu ya machinjioni, na kando ya kila mmoja palikuwa na jina. Wambura. Wambura. Wambura. "Jina hili ni la nani?" "Langu," Wambura akasema. "Umefanya wewe?" Wambura alinigeukia mimi, si kwa hasira, kwa subira tu, kama mtu aliyekushikia mlango na mikono yako imejaa. Nami nikaangalia kibodi. Nilihesabu herufi za mstari wa juu, kumi. Nikahesabu tena. "Mashine ni yangu," Wambura akasema mwishowe. "Iliyoigusa ni mikono minne. Aliyeandika anajijua." "Mimi sikuulizi mikono. Jina ni la nani?" "Nimeshakwambia, langu." "Basi," akasema Mwalimu, "watu wa mkoa huu mnazaliwa mmeshika panga, hamwezi kuona kitu kirefu msikikate. Chukua vitu vyako." Vitu vyake vilikuwa penseli, kamusi, na kigoda. Alipofika usawa wangu akainama kidogo. "Dada, asubuhi huwa unakaa wapi?" Hakusubiri jibu. Dukani nilimsikia akiagana na muuza dawa kwa heshima zote, shikamoo na marahaba, kana kwamba ametoka kutibiwa.

Kurudisha mistari nikapewa mimi, na kompyuta ya Wambura ikawa yangu kutwa. Mwalimu alinionyesha namna ya kubadilisha jina, dakika moja. Ningeweza kubonyeza kitufe kimoja yote irudi kama ilivyokuwa, lakini nilikuwa nimeshapanga kwa alfabeti juu yake, kwa hiyo ilibidi kila mstari uchukuliwe kutoka ukurasa wa zamani na kuwekwa mahali pake papya. Ili kujua mahali pake ilibidi niusome. Siku kumi na moja, kamusi ya kuazima. Niliwasoma wale EINVAL wanne: mmoja alikataliwa kwa kuleta ukubwa usiogawanyika, mwingine kwa kuomba kitu kisichokuwepo kwenye aina hiyo ya faili, wa tatu kwa kuweka alama mbili zisizoelewana, wa nne kwa kuanzia nyuma ya mwanzo. Watu wanne, shida nne. Nilihesabu nilichokifuta, nikapata tisini. Nikahesabu tena, tisini na mmoja. Nikautafuta huo mmoja siku nzima, nikaukuta, na ulikuwa kweli umejirudia neno kwa neno, sababu ileile, nukta ileile. Tegesha halisi, moja katika tisini na moja. Nikaurudisha nao. Sikuwa tena na uso wa kumfukuza mtu.

Siku hizo kumi na moja nilizipangia bei, sitaficha. Kila asubuhi nilijiambia nikimaliza kurudisha nitasema, maana nitakuwa nina kitu mkononi. Mtu hasemi kosa lake mikono mitupu. Nilipotuma, juu ya badiliko niliandika maelezo kama inavyotakiwa: orodha za makosa zimerekebishwa. Sikusema nani alizivunja. Majibu yalikuja kesho yake, mkaguzi amekubali, fungu la pili limethibitishwa. Mwalimu alitoka mwenyewe kwenda dukani kununua soda, tatu, moja yake, moja ya Mama Matinde, moja yangu, akanipa kwa mikono miwili. "Bi Ghati," akasema, mara ya kwanza kuniita hivyo, "umeiokoa ofisi." Mama Matinde akapiga vigelegele vidogo. Mwalimu akafungua hotipoti, akaniwekea kipande cha nyama juu ya ugali wangu. Nilikula kile kipande. Nilikunywa ile soda. Ilikuwa baridi sana, na nilikuwa na kiu.

Nilisema Jumatatu yake, tukiwa wawili tu, kabla Mwalimu hajavua koti. "Shikamoo Mwalimu. Ile mistari niliifuta mimi. Si Wambura." Alitundika koti. Akapuliza vumbi kwenye rula. "Marahaba," akasema. "Najua." Nikafikiri hakusikia, nikaanza kurudia. "Najua, binti. Kumbukumbu inaandika na saa. Mistari yote ilifutwa kati ya saa mbili na saa saba mchana. Asubuhi alikuwa na penseli yule. Mimi nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa, nishindwe kusoma saa?" "Sasa kwa nini..." "Mkaguzi alitaka jina. Jina lilikuwepo tayari. Yule kijana anasoma kila kitu na anauliza kila kitu, kurasa tatu kwa siku. Wewe unafanya nane na hupendi maneno. Ungekuwa wewe ungemchagua nani?" Akavuta kiti. "Na uliponyamaza nikaona tumeelewana."

Nimeuza na kununua tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nimepunjwa, nimepunja, nimenunua fulana za baridi katikati ya joto. Lakini sijawahi, si kabla wala baada, kuuzwa nikiwa nimesimama palepale nikifikiri bado napanga bei. Ukimya wangu ulishanunuliwa siku ya kwanza, nami siku zote kumi na moja nilikuwa nauchezesha mkononi kama mali yangu. Nilikaa kwenye mashine. Nilifungua ukurasa wowote, nikatafuta nafasi mbili baada ya nukta, nikaondoa moja, kwa sababu mfumo haupokei maelezo bila badiliko. Kisha kwenye maelezo nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuuzia mitumba, neno kwa neno na kamusi: mistari tisini na mmoja iliyoondolewa kwa jina la Wambura niliiondoa mimi, Ghati, asubuhi, kwa mashine yake, yeye alinikataza, aliyefukuzwa si aliyekosea. Nikasoma mara mbili. Nikatuma. Mwalimu aliiona kwenye kioo chake, akaruka kuchomoa modemu, ikatoka na waya wake, lakini ilikuwa imeshaenda. Upande wa pili wa ukuta mtu aliuliza kama kuna dawa ya minyoo ya mbuzi. "Umejifukuza mwenyewe," Mwalimu akasema, amesimama na modemu mkononi. Nikamwambia ndiyo, na kwamba kikombe chake kinanuka.

Fungu la pili halikuja. Kampuni haikuzozana, ilinyamaza tu. Mama Matinde alihamishia sufuria zake stendi na hakunisalimia mpaka mvua za mwaka uliofuata.

Mugumu, kwao Wambura, nilikwenda wiki ileile, kwa gari la asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Wambura nilimkuta kwa kaka yake anapiga bati la jiko, ameng'ata misumari mitatu mdomoni. Hakuniambia karibu wala hakuniambia toka. Nikasimama juani nikaeleza yote kwa mpangilio, kwa kuwa sikujua namna nyingine: siku kumi na moja, mistari tisini na mmoja, ule mmoja uliojirudia kweli, barua ya mkaguzi, kipande cha nyama, soda, saa zilizoandikwa, maneno niliyotuma. Alipiga msumari mmoja. Alipiga wa pili. Wa tatu akautoa mdomoni ili apate kusema.

"Hiyo soda ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Yote?"

Nilifikiria nusu. Nusu ilikuwa bei nzuri, na hakuwepo shahidi.

"Yote," nikasema. "Na chupa nikairudisha dukani."

Akaurudisha msumari mdomoni na kusema kupitia meno kwamba gari la mwisho la kurudi Tarime linaondoka saa nane, na kama nataka kiti niende sasa hivi.